Mahjub bin Adam, askari wa Dar es Salaam aliyefia Sachsenhausen

Mwaka 1929 kijana wa miaka 25 kutoka Dar es Salaam aliingia Berlin akifuatilia mshahara. Haukuwa wake peke yake, bali na wa baba yake pia. Wote wawili walikuwa wamelitumikia jeshi la Wajerumani huku kwetu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita vikaisha, Wajerumani wakashindwa, koloni likachukuliwa na Waingereza, na stahili za askari wengi zikabaki hewani. Kijana akaenda hadi wizara ya mambo ya nje ya Ujerumani, akaeleza shida yake. Akaambiwa amechelewa.

Jina lake la nyumbani ni Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Tarehe 24 Novemba 1944, miaka 15 baada ya kudai mshahara ule, alifariki akiwa mfungwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin. Wajerumani wameandika habari zake, na wenye kusoma Kiingereza pia wanazipata. Sisi ambao ni watu wake, tunaosema lugha aliyoifundisha miaka ile yote aliyoishi ugenini, ndio tunaomjua kidogo zaidi. Jambo hilo linaniuma, na ndiyo sababu ya makala haya.

Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Baba yake alikuwa askari aliyefikia cheo cha efendi, na juu ya hapo Mwafrika hakupanda katika jeshi lile. Tusilipambe jeshi lenyewe. Mahjub alikuwa bado hajaanza kutembea vizuri pale vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905, na watu wa Songea, Kilwa na Liwale hawahitaji kuambiwa askari wa Mjerumani walifanya nini katika nchi yao: vijiji kuchomwa, ghala za chakula kuteketezwa, kisha njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Mtoto wa askari alizaliwa upande wa wenye bunduki. Hakuuchagua, lakini ndio uliomlea, ukampa Kijerumani, ukampa na kazi ya ukarani Lindi akiwa bado mtoto.

Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914 aliingia jeshini pamoja na baba yake. Alikuwa na miaka kumi. Leo mtoto wa umri huo yuko darasa la nne, mama yake bado anamkumbusha kuvaa soksi. Wakati ule alifundishwa kupeleka ishara, akawa kwenye safu na watu wazima.

Vita vya Afrika Mashariki vilidumu miaka minne, na kwa sehemu kubwa vilipiganwa na Waafrika dhidi ya Waafrika. Oktoba 1917 majeshi yalikutana Mahiwa, ndani ya Lindi, wakapigana siku nne, kuanzia tarehe 15 hadi 18. Upande wa Waingereza ulikuwa na askari wapatao 4,900, na zaidi ya nusu yao waliuawa, kujeruhiwa au kupotea. Upande wa Mjerumani ulikuwa na watu kama 1,500, ukapoteza theluthi yao. Ukisoma vitabu vya zamani utakuta imeandikwa "Waingereza" na "Wajerumani", lakini waliolala kwenye vichaka vya Mahiwa wengi walikuwa vijana wa Nigeria, wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), na wa makabila ya bara letu hapa Tanganyika. Na kila upande ulikuwa na wapagazi wake, ambao hata kuhesabiwa walihesabiwa kwa kukisia. Waliotumikia Waingereza peke yao walikufa karibu laki moja. Kariakoo tunaitaja kila siku tukienda kununua vitambaa, na ilianza kama kambi yao.

Hapo Mahiwa Mahjub alijeruhiwa na kutekwa na Waingereza. Alikuwa na miaka 13.

Mateka wa vita ni mtu aliyekwisha kunyang'anywa silaha. Maisha yake yako mkononi mwa mtu ambaye jana alikuwa anamlenga risasi. Hawezi tena kumdhuru yeyote, kwa hiyo kitakachompata hakionyeshi lolote kuhusu ushujaa wake yeye. Kinaonyesha tabia ya aliyemshika. Mahjub alipita mtihani huo mara mbili katika maisha yake. Mara ya kwanza alikuwa mikononi mwa adui, akatoka hai. Mara ya pili alikuwa mikononi mwa serikali ya nchi ileile aliyoipigania, nayo ikamuua. Nimesoma habari za vita vingi na za mateka wengi, na bado sijaizoea tofauti hiyo.

Baada ya vita alipata kazi melini, kwanza kama mtumishi, baadaye mhudumu wa meli za kampuni ya Kijerumani zilizokuwa zikija pwani yetu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, walisema wahenga wa bahari, lakini meli iliyomfikisha Ulaya mwaka 1929 haikumrudisha. Alikwenda kudai, akabaki.

Kudai kwake nakuelewa. Mtaani kwetu nilipokuwa nakua palikuwa na mzee aliyepigana Burma na Keya katika vita vya pili. Sisi watoto tulitaka atusimulie mizinga na Wajapani. Yeye alikuwa akisimulia malipo: nani alipewa nini, Mzungu wa cheo kilekile alipata kiasi gani, ahadi ipi ilitolewa Nairobi na ipi ilisahaulika kabla ya gari moshi kufika nyumbani. Kitabu chake cha kuachishwa jeshi alikifunga kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka chini ya godoro, na kila serikali ilipotangaza uhakiki wa wazee alikitoa. Utoto ulinifanya nimwone mtu wa manung'uniko. Sasa naona alikuwa anatufundisha namna sahihi ya kuisimulia ile kazi. Waliingia jeshini kwa ujira. Ujira usipolipwa, hakuna gwaride wala nishani inayofuta deni. Dawa ya deni kulipa.

Na gwaride lilikuwepo. Machi 1919 jemadari wa jeshi lile, Paul von Lettow-Vorbeck, aliingia Berlin kwa farasi akipita lango la Brandenburg na maofisa wake Wazungu, umati ukishangilia. Miaka kumi baadaye mmoja wa watoto waliompigania akaingia mji uleule kwa miguu, ofisini akaambiwa muda umepita.

Mahjub hakukata tamaa na Berlin. Alipata kazi ya kuhudumu mezani katika Haus Vaterland, jumba maarufu la starehe pale Potsdamer Platz, lenye kumbi za kula zilizopambwa kila mmoja kwa mtindo wa nchi fulani. Mwafrika au Mturuki alikuwa sehemu ya mapambo, akavalishwa ili wageni wafurahi. Kazi nyingine ilikuwa ya heshima zaidi japokuwa malipo yake yalikuwa madogo: alisaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin. Wanafunzi wake walikuwemo maofisa na polisi waliokuwa wakijiandaa kwa siku ambayo Ujerumani ingeyarudia makoloni yake.

Hakuwa wa kwanza kushika kazi hiyo. Kabla yake alikuwepo Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili palepale mwanzoni mwa karne ya 20. Mtoro alimwoa Mjerumani, na mwaka 1905 akajaribu kurudi nyumbani na mkewe. Wakuu wa koloni hawakukubali ashuke naye. Ikabidi warudi Ujerumani, na huko ndiko alikokufa mwaka 1927. Mahjub alifika miaka miwili baadaye na kufuata njia ambayo mtangulizi wake alikuwa amekwisha kuonyeshwa mwisho wake. Kiswahili walikitaka. Aliyekisema walimtaka akae mahali walipompangia.

Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner, mwanamke mwenye asili ya Kijerumani kutoka Bohemia, ambayo leo iko Jamhuri ya Cheki. Siku tatu baada ya ndoa, Hitler akapewa serikali. Maria na Mahjub walipata watoto wawili, wa kiume na wa kike, na wakamlea pia mtoto wa kiume ambaye Mahjub alimzaa na mwanamke mwingine wa Berlin. Yeye aliendelea kudai. Aliomba nishani iliyokuwa ikitolewa kwa waliopigana mstari wa mbele katika vita vya kwanza, akanyimwa. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 alijitolea kuingia jeshini, wakamkataa.

Wapo wanaoishia hapa na kumwita msaliti au mjinga, na nimewahi kusikia hivyo kwa masikio yangu, mezani, kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema: alikuwa anatafuta nini kwa Wanazi? Nadhani swali hilo linataka ajue mwaka 1934 tunachokijua sisi leo. Mtu aliyewekwa jeshini na miaka kumi, akalelewa kwa amri na tarumbeta, akapigwa risasi kwa ajili ya bendera fulani, hana hati nyingine ya kumpa haki mbele ya watu hao isipokuwa ileile risasi. Nishani ingekuwa karatasi ya kujikinga. Ingesema: huyu ni wetu. Aliihitaji kwa ajili yake, kwa ajili ya mkewe na watoto wake. Kuomba kwake kunanihuzunisha, na sioni haki ya kumcheka.

Jambo gumu zaidi ni filamu. Kuanzia 1934 hadi 1941 alionekana kwenye filamu zaidi ya 20, karibu zote kwa sehemu ndogo: mtumishi, mpagazi, mhudumu wa meli, askari mtiifu. Ya mwisho ilimhusu Carl Peters, ikitukuza maisha yake, na mwigizaji mkuu alikuwa Hans Albers. Peters ndiye aliyezunguka bara letu mwaka 1884 akiwawekea machifu mikataba wasiyoielewa. Ndiye aliyewanyonga Mabruk, mtumishi wake, na msichana aliyeitwa Jagodja, kule Kilimanjaro, mpaka serikali ya Ujerumani yenyewe ikaona aibu na kumfukuza kazi mwaka 1897. Watu wetu walimwita Mkono wa Damu. Wanazi walimsafisha, na Mahjub akacheza kama Ramasan, kiongozi wake mwaminifu wa njiani.

Hilo halifichiki, na sitaki kulificha. Alikuwa na familia ya kulisha katika mji ambao kila mlango ulikuwa ukifungwa, na mlango wa studio ulikuwa wazi kwa sababu walihitaji nyuso nyeusi. Alitumika kusema uongo kuhusu nchi yake. Yote mawili ni kweli, na anayemkumbuka ayabebe yote mawili.

Nyuso nyeusi nyingine katika filamu za kikoloni za miaka hiyo zilitoka kwenye kambi za mateka. Juni 1940 Ufaransa iliposhindwa, maelfu ya askari Waafrika wa jeshi la Wafaransa walitekwa. Wengine hawakufika kambini kabisa. Walitenganishwa na wenzao Wazungu baada ya kusalimu amri, wakapigwa risasi, kama ilivyotokea Chasselay karibu na Lyon. Wanahistoria wanakadiria waliouawa hivyo ni kati ya 1,500 na 3,000. Waliobaki wakafungwa, na baadhi yao wakachukuliwa kwa zamu kwenda studio, wakavishwa mashuka na mikuki, wakawa "wenyeji" nyuma ya nyota wa Kijerumani, kisha wakarudishwa kwenye waya wao. Mahjub alifanya kazi ya filamu wakati huohuo mateka hao walipokuwa wakifanyishwa kazi hiyo. Jioni ilipofika yeye alikwenda nyumbani kwake.

Agosti 1941 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakamkamata. Kosa lilikuwa uhusiano na mwanamke Mjerumani asiye mkewe. Kwa mkewe hilo lilikuwa kosa la kweli, na mahali pa kulizungumza palikuwa nyumbani kwao. Kwa serikali ile kosa lilikuwa rangi ya ngozi. Hakufikishwa mahakamani. Septemba akapelekwa Sachsenhausen.

Majuma hayohayo aliyoingizwa, kambi ile ilikuwa ikiua mateka wa vita wa Umoja wa Kisovieti. Waliletwa kwa treni, wakaambiwa wanapimwa afya. Mtu alisimamishwa kwenye kipimo cha urefu ukutani, na nyuma ya ukuta, kupitia tundu dogo, akapigwa risasi ya kisogo. Redio ilipigwa kwa sauti ya juu ili waliokuwa wakisubiri wasisikie. Kati ya Septemba na Novemba 1941 waliuawa hivyo wasiopungua 10,000. Walikuwa askari waliosalimu amri. Mtoto wa Mahiwa, aliyewahi kusalimu amri akiwa na jeraha mwilini na akaachwa aishi, aliishi ndani ya uzio uliokuwa na ukuta huo.

Kwa sheria, Mahjub hakuwa mateka wa vita kwa mara ya pili. Alikuwa raia aliyefungwa bila hukumu. Mimi namhesabu pamoja na mateka wa vita, na hoja yangu ni hii: kilichomfikisha Berlin ni vita, kwa njia ya deni la vita, na waliomfunga ndio waliokuwa wadaiwa wake. Hakuna aliyekuwa amemwachia rasmi tangu 1914. Alikaa Sachsenhausen miaka mitatu na zaidi kidogo, akiwa mmoja wa watu wapatao 200,000 waliopita humo kati ya 1936 na 1945. Njaa, kazi ngumu, baridi na magonjwa vilifanya kazi yake hata bila risasi. Alifariki akiwa na miaka 40. Miezi mitano baadaye, Aprili 1945, kambi ikakombolewa.

Watoto wake wote watatu hawakufikia utu uzima.

Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa Afrika Mashariki waliokuwa bado hai. Ilikuwa miaka 35 tangu Mahjub aambiwe amechelewa. Inasimuliwa kwamba wazee walijitokeza Mwanza, wengine wakiwa na masalia ya sare zao, wachache mno wakiwa na hati. Mhasibu akapata wazo: akampa kila mzee ufagio, akatoa amri za kijeshi kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea hata moja. Hadithi hiyo Ulaya huisimulia kwa tabasamu. Mimi siwezi. Naona wazee wenye mvi wakilazimishwa kucheza gwaride na ufagio ili waaminiwe walifanya kazi waliyoifanya. Lettow-Vorbeck alikufa mwaka huohuo akiwa na miaka 93, akazikwa kwa heshima za kijeshi, na askari wawili wa zamani wakasafirishwa kwa ndege kutoka Afrika Mashariki kuhudhuria.

Berlin wameweka jiwe lenye bamba la shaba, dogo kama kiganja, kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba namba 193 mtaa wa Brunnenstraße. Liliwekwa mwaka 2007. Lina jina lake, mwaka wa kuzaliwa, na mahali alipofia. Mtu akitaka kulisoma lazima ainame.

Dar es Salaam tuna Sanamu ya Askari, pale Samora na Maktaba, bunduki yake ikielekea bandarini. Ilizinduliwa mwaka 1927 na Waingereza, kwa ajili ya askari na wapagazi wa upande wao. Maandishi yake yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, cha herufi za Kilatini na cha herufi za Kiarabu, nayo yanasema kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Napita hapo mara nyingi na daladala. Kwenye sanamu hiyo halipo jina hata moja la mtu. Mwaka 2021 taasisi ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa wakitumikia Uingereza katika vita vya kwanza hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda wakafika 350,000. Hao ni wa upande ulioshinda, uliokuwa na fedha za kujenga sanamu. Wa upande wa Mahjub wako nyuma zaidi.

Ninachotaka si sanamu nyingine. Nataka jina lake lifundishwe shule za Dar es Salaam, kwenye somo la historia, pamoja na Mahiwa na Kariakoo, na mwalimu asiruke habari ya Carl Peters. Nataka Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert waweke picha yake, maana picha zake zipo, na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili kwanza. Nataka tarehe 24 Novemba, kwenye msikiti wowote wa mji aliozaliwa, asomewe hitima kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Na kama nyumbani kwenu kuna karatasi ya babu aliyekuwa askari au mpagazi, wa Mjerumani au wa Keya, iwe imekatika, iwe imeliwa na mchwa nusu, usiitupe wakati wa kuhama. Ipige picha pande zote mbili. Muulize mkubwa aliyebaki jina kamili la huyo babu, la baba yake, alikozaliwa, na kama alilipwa. Andika.